Mwache Apike Mwenyewe

Skripti ya kwanza niliyomtumia mtengeneza maudhui ilikuwa na kurasa mbili. Niliiandika mwenyewe, nikajiona fundi. Bidhaa ilikuwa viungo vya pilau vya kampuni ndogo hapa Dar es Salaam. Dada wa kuirekodi ni wa Mbagala, na vichekesho vyake vya jikoni vilikuwa vinatazamwa sana. Video ilipokuja, nikamwona amesimama wima mbele ya pazia, pakiti kaishika kifuani kama kitambulisho, anasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili: "Viungo vyenye ubora wa hali ya juu." Nani anaongea hivyo jikoni?

Mteja alimlaumu dada. Kosa lilikuwa langu.

Mara ya pili nilimtumia pakiti tatu na ujumbe wa sauti wa dakika moja. Mpikie mama yako, nikamwambia, tumwone akifunua sufuria. Ongea unavyoongea siku zote, ila pakiti ionekane mapema, na usiseme vinatibu ugonjwa wowote. Basi. Mama akafunua, mvuke ukamjaa kwenye miwani, akainusa ile pilau kimya, kisha akamgeukia binti yake: "Hii hukupika wewe. Umenunua wapi?"

Mteja alitaka maneno hayo yakatwe kwa kuwa hayasifii bidhaa. Tulibishana mpaka jioni. Yakabaki, tena tukayaweka mwanzoni kabisa, maana mtazamaji kidole chake kiko tayari kupandisha video nyingine. Ukimwanzishia na nembo, keshaondoka.

Mambo ya ufundi hayana gharama kubwa. Zima feni, funga mlango wa upande wa jirani mwenye redio, mpishi atazame dirisha badala ya kulipa mgongo. Simu isimame wima, picha iwe 1080 kwa 1920, na maandishi yasikae chini kabisa, kwani hapo TikTok huweka jina la akaunti na maelezo. Halafu kuna hili linaloua video nyingi nzuri: ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa na kufifia. Itumwe kama dokumenti.

Kuhusu pesa, sina subira na wanaosema "tutakutangaza, utajulikana". Mkubaliane mapema masahihisho ni mangapi. Kama unataka kuitumia video hiyo kwenye matangazo ya kulipia kwa miezi kadhaa, mwambie mtengeneza maudhui na umlipe kwa hilo pia. Naye awashe ile alama inayoonyesha kwamba amelipwa. TikTok na Instagram zote zinayo, na watazamaji si watoto.

Video ya nne tunarekodi Jumamosi. Nusu ya malipo nimeshamrushia dada kwenye simu, maana nyama inanunuliwa asubuhi.