WATU WA ENGARUKA WALIKUWA WANGAPI?

Ukikuta mahame karibu na Ilongero yenye tembe 10 zilizobomoka, utajuaje idadi ya watu walioishi pale? Ukikadiria watu 6 kwa kila tembe, utapata 60. Lakini huenda familia moja ilihama tembe mbovu ikajenga nyingine jirani. Hapo utakuwa umeihesabu mara mbili.

Wataalamu wa mambo ya kale walipata taabu hiyo huko Engaruka, wilaya ya Monduli. Pale pana magofu ya vijiji vya mawe na mifereji ya kumwagilia mashamba. Wakulima wake waliishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18. Sisi tulihesabiwa katika sensa ya mwaka 2022. Wao hawakuacha maandishi yoyote.

Mwaka 1935 Louis Leakey aliyakagua magofu hayo. Alikadiria nyumba zaidi ya 6,000 na watu 30,000 hadi 40,000. Baadaye wataalamu wengine walichimba na kupima. Waliona kwamba si kila msingi wa mawe ulikuwa nyumba, tena nyumba zote hazikukaliwa wakati mmoja. Wakapima pia mashamba: je, yangeweza kulisha watu wangapi? Hesabu ikashuka hadi maelfu machache.

Mawe na vigae ndivyo ushahidi wenyewe. Vikihamishwa, hesabu inapotea. Ukivikuta shambani usivivuruge. Toa habari kwa ofisa mtendaji wa kijiji.