Fumbo la Wengi Si la Bingwa Mmoja

Wavyele walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asipofika kwa wakati wake, mwenyeji hana la kufanya ila kukaa akangoja. Ndivyo tulivyokuwa usiku mmoja, mimi na jamaa zangu, katika uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa. Tulitoka Mji wa Kale baada ya sala ya Isha, tukavuka Makupa, tukapita Changamwe, magari mawili yamejaa watu, kwenda kumlaki dada yangu aliyekuwa akirejea kutoka Umra. Kufika, tukaambiwa ndege imechelewa njiani na haitatua kabla ya saa nane za usiku.

Wazee wenzangu wakaanza kuhadithiana habari za uwanja wenyewe, jinsi ulivyojengwa na wanajeshi wa Afrika Kusini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na jinsi ulivyopandishwa daraja mwaka 1979 ukawa wa kimataifa. Mazungumzo hayo yalipokwisha, kahawa nayo ilikuwa imekwisha. Nikageuka kuwatazama vijana wetu. Walikuwa watano, wameizunguka meza moja, na juu yake pana kalamu, karatasi zilizoandikwa-andikwa, na kofia iliyopinduliwa.

"Mnacheza karata?" nikauliza, kwa sauti ile ya mwalimu wa chuoni.

"La, Ami," akajibu mkubwa wao, kijana wa ndugu yangu anayesoma ng'ambo. "Tunacheza hadithi."

Nikavuta kiti. Mchezo wenyewe, msomaji, ni huu. Mmoja huwa msimulizi. Waliobaki kila mmoja hujifanya mtu fulani, baharia au tabibu au mwizi aliyetubu, na huandika katika karatasi yake yale anayoyaweza na yanayomshinda. Msimulizi huwaeleza walipo na taabu iliyowafika, nao humwambia watafanya nini. Penye shaka, bahati hukata shauri. Mchezo wa namna hii ulioanza kupigwa chapa ni Dungeons & Dragons, wa Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974. Jina lake ni kama kusema magereza ya chini kwa chini na majoka.

Najua msomaji aliyekaa chuoni ameshauliza: hiyo bahati hukatwa kwa nini? Huko kwao hukatwa kwa dadu, na dadu moja mashuhuri ina pande 20. Nasi tunajua kwamba nardi imekemewa vikali katika hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, na wanavyuoni wengi wameikataza michezo ya dadu hata pasipo na fedha. Vijana hawa nao walilijua hilo. Walikuwa wamekata vipande 20 vya karatasi, wakaviandika 1 mpaka 20, wakavitia kofiani. Kila aliyefikiwa na zamu huchopoa kimoja, hukisoma, hukirudisha. Hapakuwekwa hata senti moja. Kama karatasi hizo zina hukumu ya dadu au hazina, hilo ni swali la kupelekwa kwa masheikh, si la kukatwa na mtunga mashairi.

Jahazi lao lilikuwa limeshikwa na tufani usiku, na shauri lilikuwa kuliingiza horini salama. Mmoja alishika usukani, wa pili demani ya tanga, wa tatu bildi ya kupimia kina, na wa nne, mdogo wao wa miaka 12, alikuwa akifua maji. Sharti la msimulizi: wafaulu mara nne kabla ya kukosa mara tatu. Wale wakubwa watatu walijiandikia ubaharia, kwa hivyo karatasi ya 7 na kuendelea iliwafaa. Mdogo hakuwa baharia, alitaka 11 na kuendelea.

Mdogo huyu ana kigugumizi. Akaeleza taratibu anavyofua maji, akachopoa 5. Kosa. Zamu yake iliporudi akachopoa 8. Kosa la pili. Alipounyosha mkono mara ya tatu, mwenye usukani akamwambia, "Wewe kaa tu. Utatuponza." Mkono ukarudi mapajani. Wale watatu wakachopoa wao peke yao, jahazi likaingia horini, wakapigiana makofi. Mdogo alikwishaondoka mezani, amesimama kando anatazama taa.

Nakiri lilinichoma. Nilimkumbuka mwenzangu wa chuoni, miaka mingi nyuma, aliyekuwa mzito wa kusoma. Siku ya kusoma mbele ya wageni wa Maulidi, sisi hodari tulimwambia afumbe mdomo tu asituharibie. Akafumba. Baada ya hapo hakuja tena chuoni, na sisi tukasema ameacha mwenyewe.

Nikamwuliza msimulizi, sheria hii ya makosa matatu ameitoa wapi. Akanieleza kwamba toleo la nne la mchezo ule, lililotoka mwaka 2008, ndilo lililoweka majaribio ya kikundi kwa hesabu: kufaulu kuanzia mara 4 kwa jaribio fupi mpaka mara 12 kwa lile refu. Hapo mwanzo makosa yaliyoruhusiwa yalikuwa nusu ya idadi ya kufaulu. Mwaka uleule watungaji wakaibadilisha sheria, yakawa makosa 3 kwa majaribio yote, mafupi na marefu.

Tukachukua kalamu. Kikundi ambacho kila mtu wake anafaliwa na karatasi 14 kati ya 20, kikitakiwa kufaulu mara 4 kabla ya makosa 3, kitashinda takriban mara 74 katika 100. Lirefushe jaribio, kitakiwe kufaulu mara 12 kabla ya makosa yaleyale 3, na ushindi unashuka mpaka mara 16 katika 100. Msimulizi hakuongeza ugumu hata chembe, ameongeza urefu tu, na jahazi limezama. Kisha tukahesabu kikundi cha wanaofaliwa na karatasi 10 tu, mfano wa yule mdogo. Hata jaribio fupi watalishinda mara 34 katika 100.

Basi hapo ndipo nilipofahamu. Mwenye usukani hakuwa na roho mbaya. Alipiga hesabu kichwani, na hesabu ilimwambia kuwa kila mnyonge akinyosha mkono, wote wanasogea karibu na kuzama. Mtunga fumbo ndiye aliyemfukuza mtoto, kabla mtoto hajaketi.

"Sasa dawa yake nini, Ami?" akauliza kijana.

Nikamwambia dawa iko kwetu, ila tumeiacha juu ya rafu. Kisa cha Fumo Liongo kila mtoto wa pwani amekisikia. Edward Steere alikipiga chapa mwaka 1870 katika ngano za Waswahili, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Tazama kile kikoa cha makoma. Walikubaliana kila mtu apande mkoma kwa zamu, na nia yao ilikuwa kumpiga Liongo mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika, hakupanda. Aliyatungua makoma kwa mishale akiwa chini. Hilo ni la kwanza la kujifunza: ukimwekea bingwa jaribio lile unalowawekea wote, atalimaliza peke yake na wenzake watakuwa watazamaji. Usimnyang'anye upinde wake. Mpe mkoma wake, na wengine wape miti yao.

Kisha tazama alivyotoka gerezani. Liongo alikuwa na nguvu za watu wengi, lakini nguvu hazikukata pingu. Palitakiwa mama wa kuoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Palitakiwa Saada, mjakazi, wa kubeba ujumbe na kuupitisha mkate mbele ya walinzi. Palitakiwa na watu wa gungu wapige ngoma na matoazi, ili mlio wa tupa usisikike. Umtoe Saada katika kisa hiki, na bingwa angeozea gerezani.

La pili liko katika vitendawili. Baraza likishindwa, halifukuzwi. Huambiwa litoe mji, mtegaji akaupokea, akalifumbua fumbo, na mchezo ukaendelea. Kosa kwetu lina bei, lakini si komeo la mlango.

Kijana akafurahi, akaongeza la tatu kutoka kwao. Toleo la mwaka 2014 lina sheria kwamba kikundi kinapofanya jambo moja kwa pamoja, wakifaulu nusu yao, wote wamefaulu, kwani wepesi huwavuta wazito. Tukalipigia hesabu nalo. Watu wanne wapite kimyakimya, kila mmoja ana karatasi 10 kati ya 20. Ukitaka wote wanne wafaulu, watapita mara 1 katika 16. Ukikubali nusu, watapita mara 11 katika 16.

Basi wakanipa kiti cha msimulizi. Nikawaweka mjini Pate, Liongo yumo gerezani. Mwenye usukani nikamfanya Liongo mwenyewe, mwenye demani akawa mama mtu, mwenye bildi akawa mkuu wa gungu. Nikamwita yule mdogo, nikamwambia, "Wewe ndiwe Saada. Hapana mwingine awezaye kuupita mlango huu." Nikaweka sharti kwamba hapana achopoaye mara ya pili kabla kila mtu hajachopoa mara moja.

Akaja, akasimama mbele yangu kama mbele ya mlinzi, akaanza kueleza alichobeba. Kigugumizi kikamshika. Hapana aliyemharakisha. Akachopoa, akasoma: 4.

Meza nzima ikanitazama. Nikawaambia kosa hili lina bei. Walinzi wamechoka kumngoja amalize maneno, wamempokonya wali na nyama wakala wao. Lakini mkate wa wishwa wameudharau, wamesema huu mpelekee mfungwa. Mdogo akafikiri kidogo, kisha akapiga kelele, "Tupa imo humo!" Wenzake wakamshika mabegani.

Gungu likapigwa, karatasi ya 16. Pingu zikakatwa, 13. Walipotoka wote wanne gizani, wawili wakafaulu na wawili wakakosa, na Saada alikuwa miongoni mwa waliofaulu. Nusu imetosha.

Saa nane na dakika chache dada yangu akatokea mlangoni, amechoka, uso una nuru. Aliyekuwa wa kwanza kumfikia ni yule mdogo, naye akaanza kumsimulia, neno moja moja, jinsi alivyomtoa Liongo gerezani. Dada yangu alisimama akamsikiliza mpaka mwisho, na sisi sote nyuma yake tukasimama.

Nawaachia walimu, wazazi na watunga michezo ubeti huu niliouandika garini tukirudi:

Fumbo ukiwatungia, mpe kila mtu tendo,
Mwenye nguvu akingia, apasue kwa kishindo,
Mnyonge naye hujia, na ufunguo wa pindo,
Wote wakisaidia, hufunguka lile fundo.