Ndoa na Madaraka katika Roma ya Kale

Miongoni mwa vigogo wa Roma ya kale, posa na siasa vilikaa jamvi moja. Aliyewania ukonsuli, cheo cha juu katika Jamhuri, alihitaji fedha, wafuasi na jina la ukoo. Mkwe aliyechaguliwa vizuri aliweza kumpatia vyote hivyo.

Desturi zenyewe ziliruhusu hayo. Binti aliweza kuolewa akifika miaka 12. Mali ya ndoa ilitoka kwao bibi harusi kwenda kwa mume, kinyume cha mahari ya kwetu, na mke akiachwa, kwao waliidai. Katika karne ya mwisho ya Jamhuri, wake wengi walibaki chini ya mamlaka ya baba zao hata baada ya kuolewa. Talaka nayo haikuhitaji hakimu. Ndoa kama hizo ziliwafaa wanaume waliobadili washirika kila mara.

Gharama waliilipa wanawake. Mwaka 82 KK, Sulla alipoitawala Roma, alimtaka jemadari wake Pompeius amwache mkewe Antistia, amwoe Aemilia, binti wa kambo wa Sulla. Aemilia alikuwa mke wa mtu, tena mjamzito. Alifariki akijifungua nyumbani kwa mume mpya. Kijana Julius Caesar, alipoamriwa na Sulla amwache mkewe Cornelia, alikataa, ikambidi ajifiche. Lakini mwaka 59 KK Caesar huyohuyo alivunja uchumba wa binti yake Julia, akamwoza kwa Pompeius ili kuimarisha ushirikiano wao. Julia alifariki kwa uzazi mwaka 54 KK. Kufikia mwaka 49 KK, wakwe hao walikuwa vitani.

Octavia naye aliolewa kisiasa: alikuwa mjane alipoozwa kwa Marcus Antonius mwaka 40 KK, ili Antonius apatane na mshindani wake Octavianus, kaka wa Octavia. Mwaka 37 KK Octavia aliwapatanisha tena katika mji wa Tarentum. Antonius alimpa talaka mwaka 32 KK, akabaki na Cleopatra wa Misri.

Vita vikafuata kati ya mashemeji hao. Baada ya Antonius kufa, Octavia aliwalea watoto wa Antonius, wakiwamo aliozaa na Cleopatra. Mmoja wao, Cleopatra Selene, alikuja kuwa malkia wa Mauretania, Afrika Kaskazini. Mapatano ya wanaume yaliishia vitani. Undugu alioujenga Octavia kwa malezi ndio uliodumu, nao unastahili heshima kuliko ushindi wao.