Joto la miguuni ndani ya gari: Usilipuuze, hasa kama una kisukari

BABA yangu mdogo ana umri wa miaka 63 na ameishi na kisukari kwa muda mrefu. Mwaka jana tulisafiri naye kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kwa gari dogo nililonunua likiwa limeshatumika. Alikaa kiti cha mbele, akavua viatu kama wengi wetu tunavyofanya safari ikiwa ndefu, akapiga soga mpaka akasinzia. Njia nzima hakulalamika hata mara moja.

Jioni, mama mdogo alipomletea maji ya kunawa miguu, aliona malengelenge mawili kwenye unyayo wa kulia. Tukaanza kuulizana ameungulia wapi. Mwanangu wa miaka saba, aliyekuwa amekaa nyuma ya babu yake, ndiye aliyetujibu: “Chini kulikuwa na moto, mimi nikapandisha miguu kwenye kiti.”

Mtoto alihisi joto akakunja miguu. Mzee hakuhisi chochote. Kidonda kile kilichukua zaidi ya miezi miwili kupona.

Kwa nini hakuhisi?

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi miguu ndiyo huanza kuathirika. Mgonjwa hupata ganzi au kuchomwachomwa, na baadaye hisia hupungua. Hali kama hiyo huwapata pia baadhi ya watu waliougua kiharusi, ukoma au maradhi ya uti wa mgongo.

Ngozi haihitaji moto wa jiko ili iungue. Kitu chenye nyuzi joto 44 kinaweza kuiunguza kikiigusa kwa saa kadhaa, na kikifika nyuzi joto 50, dakika chache zinatosha. Mwenye hisia huondoa mguu kabla ya kudhurika, lakini mwenye ganzi huuacha palepale. Watoto wadogo na wazee wana ngozi nyembamba, hivyo huungua haraka zaidi.

Joto linatoka wapi?

Daktari huuliza maswali kabla ya kuandika dawa. Gari nalo liulizwe matatu.

La kwanza: joto linakuja na hewa au linatoka kwenye sakafu? Zima feni, funga njia ya hewa ya nje, kisha endesha kwa dakika kumi hivi. Miguu ikipata nafuu, chunguza hita. Huenda kitufe kimegeuzwa upande wa joto, au kilango kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi ndani ya dashibodi kimekwama. Kwa sisi tunaoishi kwenye joto, hita husahaulika kabisa. Mtoto akichezea kitufe, inaweza kupita miezi hakuna aliyegundua.

La pili: kuna unyevu au harufu tamutamu? Zulia la miguuni likilowa, kioo cha mbele kikapata ukungu unaoteleza kama mafuta, na maji ya rejeta yakawa yanapungua, yaelekea rejeta ndogo ya hita inavuja. Maji hayo huwa ya moto sana na yanaweza kumwunguza mtu. Yale yenye dawa ya rejeta ni sumu yakinywewa, na utamu wake humvutia mtoto kuyaonja. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado ya moto.

La tatu: hita imezimwa lakini sakafu bado inachoma? Simamisha gari, inua zulia na usogeze nyuma ya kiganja karibu na bati taratibu. Chini yake hupita bomba la moshi, na kati ya bomba na sakafu huwekwa bati la kukinga joto. Bati hilo likilegea hupiga kelele, na wapo wanaoling'oa bila kulirudisha. Hicho ndicho kilichotokea kwenye gari langu. Fundi aliingia chini, akatoka akasema: “Kaka, hapa bati halipo. Mtu aliling'oa akaona amemaliza kelele.”

Mwambie fundi aangalie pia masega ya bomba la moshi. Yakiziba au kuharibika huweza kupata moto kupita kiasi, na dalili zake ni gari kukosa nguvu, wakati mwingine na harufu kama ya yai viza. Aangalie vilevile matundu ya sakafu na mpira unaoziba pale mkono wa gia unapopita.

Kwa magari kama HiAce na Noah za zamani, injini ipo chini ya viti vya mbele, kwa hiyo joto kiasi ni la kawaida. Lakini joto la kawaida nalo linaweza kumwunguza mwenye ganzi. Usimkalishe mbele.

Moshi ni hatari zaidi

Tundu linalopitisha joto laweza kupitisha na moshi. Ndani ya moshi wa gari kuna kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu.

Abiria wakianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu, kusikia kichefuchefu au kulemewa na usingizi, kisha wakapata nafuu wakishuka, usiseme ni uchovu wa safari. Simamisha gari, zima injini, watoe watu wote nje, kisha nendeni hospitali, hasa kama kuna mjamzito au mtoto. Gari hilo lisiendeshwe tena mpaka litengenezwe.

Ukiungua

Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai, na usitoboe malengelenge. Funika kwa kitambaa safi. Mwenye kisukari aende kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama hasikii maumivu, maana kwake kutosikia maumivu hakumaanishi kwamba jeraha ni dogo.

Kabla ya safari

Mwenye ganzi avae soksi na viatu vilivyofunika mguu, wala asivivue njiani. Kila baada ya saa mbili simameni, na mtu mwenye hisia timamu apime joto la sakafu kwa mkono na kumkagua miguu. Watoto wasilazwe sakafuni mwa gari.

Baba mdogo bado anasafiri nasi. Bati jipya limefungwa, na safari haianzi mpaka mjukuu wake aguse chini na kumwambia: “Babu, pako sawa.” Tukisimama njiani, anagusa tena.