Virusi Viwili Katika Ini Moja: Homa ya Ini D Miongoni mwa Wenyeji wa Amazoni

Kati ya mwaka 1979 na 1981, homa ya ini isiyo ya kawaida ilienea katika vijiji vya Wayukpa, wenyeji wa milima ya Perijá iliyo mpakani mwa Venezuela na Kolombia. Waliougua walikuwa 149, wengi wao watoto na vijana. 34 walifariki dunia. Homa ya ini B inapoanza ghafla kwa mtu mzima huua takriban mgonjwa mmoja kati ya mia. Hapa alikufa zaidi ya mmoja kati ya watano.

Uchunguzi wa damu ulionyesha sababu. Wayukpa wengi walikuwa tayari na maambukizi sugu ya kirusi B, na juu yake kiliingia kirusi kingine, yaani D, ambacho Mario Rizzetto na wenzake walikuwa wamekitambua nchini Italia mwaka 1977 tu.

Kirusi D ni kidogo kuliko virusi vyote vinavyojulikana kumwambukiza binadamu, na hakijitoshelezi. Hakina uwezo wa kujitengenezea gamba la nje. Huazima lile la kirusi B. Kwa hiyo asiye na B hawezi kuugua D. Mtu akiambukizwa vyote viwili kwa wakati mmoja, mara nyingi mwili huvishinda vyote, ingawa ugonjwa wenyewe waweza kuwa mkali. Lakini D ikimkuta mtu aliyekwisha kuishi na B, hukuta magamba tele yakiisubiri: huzaliana kwa kasi, na kwa wengi hubaki mwilini na kuharakisha kusinyaa kwa ini.

Ndiyo maana ramani ya D katika Amazoni hufuata ramani ya B. Nchini Brazili, mzigo uko zaidi magharibi, katika majimbo ya Acre, Amazonas na Rondônia. Huko, kando ya mto Purus, mji wa Lábrea uliipa jina "homa nyeusi ya Lábrea": homa, macho ya manjano, matapishi meusi, kuchanganyikiwa, kisha kifo baada ya siku chache. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa homa ya manjano, na kosa hilo linaeleweka, kwani dalili hufanana mno. Vipande vya maini ya marehemu vilivyohifadhiwa kwa ajili ya uchunguzi wa homa ya manjano ndivyo vilivyokuja kupimwa upya na kukutwa na alama za kirusi D.

Wapo wanaouliza kama wenyeji hawa wana udhaifu wa kimaumbile. Sioni haja ya kuanzia huko. Mtoto anayeambukizwa B utotoni, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa ndugu kupitia vidonda na vifaa vyenye ncha kali, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki nayo kuliko mtu mzima. Kijiji chenye watoto wengi wa namna hiyo ni kijiji ambacho D hukikuta kimeandaliwa. Aina ya D iliyozoeleka huko, jenotipu 3, nayo inahusishwa na ugonjwa mkali zaidi.

Chanjo ya B huzuia D pia, na dozi ya kwanza yapasa kutolewa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa mtoto anayezaliwa mbali na zahanati, safari ya mtumbwi wa siku kadhaa, sharti hilo ni gumu kuliko linavyoandikwa. Aliyekwisha ambukizwa B, chanjo haimsaidii kitu.

Kwa wahudumu na wagonjwa wa Afrika Mashariki, ambako B ni ya kawaida na D ipo pia, jambo hili lina upande wa vitendo. Tenofoviri hutuliza B lakini haiigusi D, kwa kuwa D haitegemei kimeng'enya ambacho dawa hiyo hukizuia. Mgonjwa wa B ambaye vipimo vya ini vinazidi kupanda ilhali wingi wa kirusi B ni mdogo apimwe kingamwili za D. Zikionekana, hufuata kipimo cha RNA ya kirusi ili kujua kama maambukizi bado ni hai. Interferoni hutumika kwa miaka mingi sasa, kwa mafanikio ya wastani. Bulevirtide, inayoziba mlango wa kirusi kuingia kwenye seli za ini, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020.