Je, Wajua? Utepe Unaobashiri Siku za Mgonjwa

Wajua umio, hilo koo la chakula, lina sentimita 25 tu? Tonge la ugali hulipita kwa sekunde kama 10! Saratani ikiingia humo, kwanza hukwama nyama na michembe, kisha ugali, kisha uji, mwisho hata maji. Madaktari huipa hali hiyo alama: 0 kwa anayekula kila kitu, 4 kwa asiyeweza kumeza hata mate.

Na wajua kuna ukanda mzima, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu umekithiri? Tanzania tumo. Kule Kilimanjaro watafiti walipima chai ya watu pale wanapoanza kuinywa: wastani nyuzi 70.6! Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilishatutahadharisha mwaka 2016 kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vikaleta saratani hii ya umio.

Sogea hapa sasa. Hospitali ya Tenwek, Bomet, Kenya, iliweka vibomba vya waya vipatavyo 1,000 ndani ya umio wa wagonjwa ili chakula kipite. Kati ya waliofuatiliwa hadi kufa, nusu waliishi siku 250 au zaidi. Kipi kilisaidia kubashiri nani ataishi zaidi? Utepe! Unazungushwa kwenye mkono wa juu, kama wa mtoto kliniki. Wenye mikono iliyokonda sana walifariki mapema zaidi.

Kuna kipimo kisichohitaji hata utepe: mchana, mgonjwa yuko kitandani au kitini zaidi ya nusu ya muda anaokuwa macho? Swali hilo ni sehemu ya kipimo ambacho hospitali duniani kote hukitumia.

Hata picha nzima ya damu husema. Chukua idadi ya neutrofili, gawanya kwa ya limfosaiti; zote ni seli nyeupe za damu. Jibu likiwa kubwa, mara nyingi siku huwa chache. Hesabu ya darasa la nne!

Shuka tumboni. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ndiko rufaa za Shinyanga na Geita huenda. Huko, kati ya wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo waliochunguzwa, zaidi ya 9 katika kila 10 walifika ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au 4.

Korea Kusini je? Mwenye miaka 40 na kuendelea hualikwa kupimwa tumbo kila miaka 2, hata akijisikia mzima. Wenye saratani hiyo hiyo, zaidi ya 7 katika kila 10 huvuka miaka 5!