Nyumba ya mawe, rangi ya maji na sayansi ya chokaa: mfano wa Mafia

Una nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, imechakaa, unataka ipendeze. Njia ya haraka inajulikana: ndoo mbili za rangi ya maji, rola, siku moja, kazi imeisha. Lakini subiri kwanza ujue ukuta wako unavyofanya kazi.

Ukienda Kua, kwenye kisiwa cha Juani, au Chole ambako Wajerumani waliweka makao yao kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913, utaona magofu yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe haya yana vitundu vingi mno. Yanafyonza maji ya ardhini na ya mvua, pamoja na chumvi ya bahari, kisha yanayatoa taratibu kama mvuke. Yaani ukuta unapumua.

Sasa rangi ya maji. Jina linadanganya kidogo: maji ni ya kuchanganyia tu. Yakikauka, kinachobaki ukutani ni utando wa plastiki. Nyingi ya rangi hizi hupitisha mvuke kwa shida kuliko chokaa, kwa hiyo unyevu unakwama nyuma yake. Chumvi nayo inaganda kuwa fuwele, fuwele zinakua, zinasukuma. Ndiyo yale malengelenge unayoyaona, rangi inabanduka na lipu inaondoka nayo. Wengi humlaumu fundi, kumbe tatizo ni kemia. Lipu ya saruji juu ya mawe hayo inaleta shida hiyohiyo, tena mbaya zaidi kwa sababu ni ngumu kuliko jiwe lenyewe.

Chokaa yenyewe ni nini? Ni jiwe lililozungushwa. Ukichoma matumbawe kwenye tanuri hadi nyuzi joto kama 900 za Selsiasi, kila kilo 100 za kalsiamu kaboneti hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa na kubakiza kilo 56 za chokaa hai. Ukiitia majini inachemka yenyewe, bila moto! Ukipaka ukutani, inaanza kunyonya hewa ya ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo chokaa haikauki tu kama rangi, inageuka. Ndiyo maana unalowesha ukuta kwanza, unapaka nyembamba kama maziwa, unarudia mara tatu au zaidi, na hupaki jua la saa saba. Ikikauka haraka mno itabaki unga unaochafua mashati. Ukitaka rangi, changanya udongo mwekundu au wa njano uliochekechwa vizuri.

Tahadhari: chokaa inaunguza. Vaa miwani na glavu, na siku zote tia chokaa kwenye maji, usimwage maji juu ya chokaa hai.

Kuna jambo lingine, na kwangu ndilo zito. Mafia matumbawe yalikuwa yakivunjwa yakiwa hai ili kuchoma chokaa. Watafiti waliliandika hilo miaka ya 1990, kipindi ambacho Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa (1995). Matumbawe makubwa ya mviringo, aina ya Porites, hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Bonge la nusu mita kwenda juu ni umri wa mtu mzima, na tanuri linalimaliza pamoja na magogo ya msitu. Kwa hiyo uliza chokaa imetoka wapi. Ya mawe ya chokaa ya nchi kavu, kama ya Tanga, kikemia inafanya kazi ileile.

Na kama ukuta tayari una rangi ya plastiki? Mwagia maji kidogo. Yakiteleza bila kufyonzwa, chokaa haitashika hapo. Kwangua kwanza hadi uone lipu ya zamani, uache ukuta ukauke kiangazi kizima, ndipo uanze.